Ratiba ya Mwisho wa Dunia: Ni Nani Aliyeiandika?



Iko karatasi inayopita mikononi mwa watu katika vigango vyetu, na sasa inapita upesi zaidi katika simu. Imechorwa mstari mrefu, na juu ya mstari huo vimewekwa vituo, mfano wa vituo vya basi litokalo Mugumu kwenda Musoma. Kituo cha kwanza ni Unyakuo: wateule watatoweka ghafla, mmoja akiwa shambani, mwingine jikoni, na waliobaki watashangaa. Kisha inafuata Dhiki Kuu ya miaka saba, ambayo Mpinga Kristo atafanya mkataba na kuuvunja katikati. Halafu vita ya Harmagedoni, kurudi kwa Kristo hadharani, utawala wa miaka elfu, kufunguliwa kwa Shetani, na mwisho kabisa Hukumu. Pembeni zimeorodheshwa dalili: ugonjwa wa korona wa mwaka 2020, nzige walioivamia Kenya mwaka huohuo, vita ya Ukraine iliyopamba moto mwaka 2022, na namba za vitambulisho.

Huenda mtu akauliza: jambo hili ni la makatekista, Tume ya Haki na Amani yahusika vipi? Tunalo jibu. Katika jumuiya moja ndogo ya Kikristo, baada ya kusoma Injili, mama mmoja aliuliza kwa sauti ya chini: ikiwa Unyakuo ni mwaka huu au ujao, ana haja gani ya kuhangaikia sare na madaftari ya binti yake? Hakuna aliyecheka. Mzee aliyeketi karibu naye aliitikia kwa kichwa, kwa kuwa naye alikuwa ameambiwa na mhubiri fulani kwamba maksai wake wawili hawataingia mbinguni, bali fedha zake zaweza kutangulia. Hapo ndipo karatasi ile ilipoacha kuwa somo la Maandiko tu ikawa jambo la haki. Inagusa shamba, zizi, dawa ya mgonjwa na elimu ya mtoto. Inampa mwenye maneno mengi mamlaka juu ya mali ya mwenye hofu nyingi.

Mafundisho ya namna hii yameshafika mwisho wa njia yake, si mara moja, wala si mbali na kwetu.

Mwezi Aprili mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, polisi walianza kufukua makaburi. Walipomaliza awamu zao, maiti zilikuwa zimezidi 400. Uchunguzi wa madaktari ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa. Baadhi, wakiwamo watoto, walikuwa na alama za kunyongwa au kupigwa. Hao walikuwa wafuasi wa Paul Mackenzie, ambaye kanisa lake la Good News International lilikuwa Malindi kabla ya yeye kuhamia msituni. Kwa miaka mingi alihubiri dhidi ya shule na hospitali, na mwaka 2019 serikali ya Kenya ilipoanzisha Huduma Namba, alifundisha kwamba hiyo ni chapa ya mnyama. Mwaka 2024 yeye na wenzake walisomewa mashtaka ya mauaji ya watoto 191, wakayakana. Hukumu ni kazi ya mahakama. Lakini waliokuwa karibu naye walieleza jambo ambalo kila mzazi anapaswa kulisikia: kwamba kufunga hadi kufa kulipangiwa zamu. Watoto kwanza, kisha wanawake, kisha wanaume, na viongozi mwisho wa wote. Tazameni, ndugu, jinsi ratiba ya mwisho wa dunia ilivyogeuka kuwa ratiba ya kufa njaa, na jinsi aliyeishika ratiba alivyojiweka mkiani mwa foleni.

Wengine watasema: hayo ni ya madhehebu, sisi Wakatoliki tuko salama. La hasha. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo lililofungwa, na baadaye makaburi mengine ya halaiki yalipatikana katika maeneo yao mengine, hata jumla ya waliokufa ikazidi 700. Kundi lile lilijiita Harakati ya Kurudisha Amri Kumi za Mungu. Viongozi wake, Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, walikuwa Wakatoliki, na kati yao alikuwamo padre, Dominic Kataribabo. Walisali rozari. Walisimulia matokeo ya Bikira Maria. Wafuasi waliuza mashamba na mifugo na kuwakabidhi viongozi fedha, kwa maana dunia ingekwisha pamoja na mwaka 1999. Mwaka ulipokwisha na dunia ikabaki, watu walianza kudai mali zao. Miezi michache baadaye wadai hawakuwapo tena. Kwa hiyo tusiinyoshee vidole milango ya jirani. Mbegu hii huota pia katika shamba letu, hasa pale ambapo waamini wanajua litania nyingi na Maandiko machache.

Wala si mbegu ya Wakristo peke yao. Mwaka 1913 huko Alego, upande wa Kenya wa ziwa letu, Onyango Dunde alidai kwamba alimezwa na nyoka mkubwa wa ziwani, aitwaye Mumbo, kisha akatapikwa akiwa na ujumbe: Wazungu watatoweka, watu waache kulima na wachinje mifugo yao, kwa kuwa Mumbo atawapa mingine kutoka ziwani. Ujumbe ule ulienea hadi kwa Wagusii, majirani wa ndugu zetu Wakuria. Mifugo haikutoka ziwani. Wenye kuonewa waliamini kwa sababu walionewa kweli. Kilio chao kilikuwa cha haki, na jibu walilopewa lilikuwa la uongo. Tuliweke moyoni jambo hilo, maana tutalirudia.

Sasa, je, vituo vile vya karatasi vimo katika Biblia?

Tunaungama kila Dominika, katika Kanuni ya Imani, kwamba Kristo atakuja tena katika utukufu kuwahukumu wazima na wafu, na kwamba wafu watafufuka. Hilo hatulifanyii mzaha. Asiyengoja kuja kwa Bwana si Mkristo. Tunachokikataa ni mpangilio wenye miaka na vituo, ambao hakuna kitabu kimoja cha Biblia kinachoutoa. Umeshonwa kwa vipande: kimoja kimekatwa katika Danieli, kingine katika Mathayo, kingine katika Wathesalonike, kingine katika Ufunuo. Kila kipande kinatoka kweli katika Biblia, lakini uzi na sindano ni vya fundi.

Fundi huyo anajulikana. Mafundisho ya Unyakuo wa siri, uliotengwa kwa miaka saba na kurudi kwa Kristo, yalienezwa kuanzia miaka ya 1830 na John Nelson Darby, aliyekuwa kasisi wa Kianglikana huko Ireland kabla ya kuwa kiongozi wa kundi la Ndugu wa Plymouth. Mwaka 1909 Mmarekani Cyrus Scofield, mwanasheria aliyegeuka kuwa mchungaji, alitoa Biblia yenye maelezo yake chini ya kurasa, na wasomaji wengi hawakutofautisha tena neno la Mtume na neno la Scofield. Mwaka 1970 Hal Lindsey aliandika kitabu kilichouzwa kwa mamilioni, akidokeza kwamba kizazi kilichoona taifa la Israeli likiundwa mwaka 1948 ndicho kitakachoona mwisho, na kizazi akakikadiria kuwa miaka 40. Mwaka 1988 ulikuja ukapita. Waamini wa Kanisa waliishi na kufa karne kumi na nane pasipo kuufahamu mpangilio huu, nao mashahidi wa imani hawakuuhitaji ili wafe wakiimba.

Tena wapangaji wenyewe hawapatani. Wako wanaoweka Unyakuo kabla ya Dhiki, wako wanaouweka katikati, wako wanaouweka baada yake. Ndugu zetu Wasabato, ambao ni wengi hapa Mara, hawafundishi kamwe Unyakuo wa siri. Kwao Kristo atakuja mbele ya macho ya wote, na ile miaka elfu watakatifu wataipitisha mbinguni, dunia ikiwa ukiwa. Wasabato walizaliwa kutokana na somo chungu: William Miller na wafuasi wake, huko Marekani, walimngoja Bwana tarehe 22 Oktoba 1844, na wako walioacha mazao yao shambani bila kuvunwa. Hatulitaji hili kuwadharau majirani. Twalitaja ili anayepokea karatasi ajue kwamba anayemwambia mambo yote yako wazi hajamwambia kwamba wenzake wanabishana.

Tuchukue Danieli sura ya 9. Nabii anataja majuma sabini, na kwa desturi juma moja limehesabiwa kuwa miaka saba. Wapangaji huhesabu majuma sitini na tisa hadi Kristo, kisha husimamisha saa. Juma la sabini, wasema, limewekwa akiba, nalo ndilo miaka saba ya Dhiki. Karibu miaka elfu mbili imeingizwa katikati ya hesabu ambayo nabii hakuipasua. Ni sawa na mtu anayehesabu ng'ombe zizini jioni: akifika wa sitini na tisa anatangaza kwamba wa sabini yuko malishoni, atarudi enzi za wajukuu. Mfugaji wa Kenyamonta asingekubali hesabu hiyo kwa mahari ya binti yake. Kwa nini aikubali kwa wokovu wake?

Tuchukue maneno ya Bwana katika Mathayo 24, juu ya wawili walioko shambani, mmoja akitwaliwa na mwingine akiachwa. Mhubiri hupiga kelele kwamba heri ni ya aliyetwaliwa. Lakini someni aya zilizotangulia. Bwana anasimulia siku za Nuhu, na waliochukuliwa siku zile ni wale walioangamizwa na gharika. Aliyebaki ni Nuhu na jamaa yake. Katika Luka 17 wanafunzi wanauliza hao watatwaliwa wapi, na Bwana anawajibu kwa mfano wa mzoga na tai. Huo si mfano wa kupendeza kwa aliyetamani kunyakuliwa.

Neno kuu lao ni Wathesalonike wa Kwanza sura ya 4, juu ya kumlaki Bwana mawinguni. Waamini wa Thesalonike walikuwa wakilia. Jamaa zao walikuwa wamekufa, nao wakadhani wafu watakosa sherehe ya kuja kwake Bwana. Paulo aliwaandikia awafariji: wafu hawataachwa nyuma, hao ndio watakaotangulia. Barua ya matanga imegeuzwa kuwa ratiba ya safari! Na lile neno kumlaki, sisi tunalijua kuliko wageni. Askofu anapokuja kutoa Kipaimara, parokia nzima hutoka kumlaki njiani kwa matawi, ngoma na vigelegele. Je, tukishamlaki twapanda gari lake na kuondoka naye? Twarudi naye nyumbani, kanisani petu, naye anaketi katikati yetu. Katika miji ya kale mfalme alipokewa vivyo hivyo, na wasikilizaji wa Paulo walielewa picha hiyo bila kufafanuliwa.

Kisha, jamani, msiifunge barua kabla ya kumaliza. Walikuwapo Thesalonike watu walioacha kazi wakazurura wakijishughulisha na mambo ya wengine. Katika Waraka wa Pili, sura ya 3, Mtume anawaagiza wafanye kazi kwa utulivu na kula mkate wao wenyewe. Na katika sura ya 2 ya waraka huohuo anawaonya wasifadhaishwe na barua inayodaiwa kuwa yake, yenye kusema siku ya Bwana imefika. Kumbe karatasi za namna hii zilianza kupita mikononi mapema hivyo.

Kuhusu miaka elfu, tuseme ukweli wote. Mtakatifu Yustino na Mtakatifu Ireneo, Mababa wa karne ya pili, walitazamia utawala wa watakatifu hapa duniani kwa muda huo. Hata hivyo Yustino mwenyewe alikiri kwamba wako Wakristo wengi wenye imani safi wasiofikiri kama yeye. Mtakatifu Agostino, katika kitabu cha ishirini cha Mji wa Mungu, alifundisha kwamba miaka elfu ya Ufunuo 20 ni wakati huu wa Kanisa, tangu ushindi wa Kristo hadi atakaporudi, na Kanisa likaifuata njia hiyo. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 676, inakataa tumaini la ufalme wa Kimasiya utakaotimilika ndani ya historia, hata likivikwa sura ya upole. Na Bwana mwenyewe alikwisha kuwajibu Mitume waliotaka kujua nyakati, katika Matendo 1: si kazi yao kuzijua, kazi yao ni kuwa mashahidi. Katika Marko 13 anasema kwamba siku ile hakuna aijuaye, hata malaika. Je, mwenye karatasi amewapita malaika?

Lakini tukikomea hapa tutakuwa tumefanya nusu ya kazi, tena ile nusu rahisi. Watu wetu hawaivutiwi ratiba hii kwa ujinga. Wanaivutiwa kwa sababu wanaumia. Aliyeibiwa ng'ombe usiku na hakusaidiwa na yeyote, mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake, binti anayekimbia ukeketaji mwezi Desemba akitafuta hifadhi Mugumu au Masanga, hao wanapoambiwa kwamba dunia hii itakwisha Ijumaa, wanasikia habari njema. Sisi tuliwaambia nini? Mara nyingi tuliwaambia wavumilie. Tukumbuke yale ya Mumbo. Ukimya wetu ndio uliompa mhubiri wa ratiba kiti cha kuketi.

Na kitabu chenyewe cha Ufunuo tumekiacha mikononi mwake, ingawa kiliandikwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Kiliandikiwa makanisa saba ya Asia, yaliyobanwa na dola ya Roma, ili yaelewe na yapate nguvu siku zile zile. Wataalamu wengi wa Maandiko wanaiona katika 666 hesabu ya jina la Kaisari Nero. Si kitambulisho cha mpiga kura wala kadi ya kliniki. Katika sura ya 6 farasi mweusi anatokea, na mpanda farasi ana mizani mkononi. Sauti inatangaza bei: kibaba kimoja cha ngano kwa dinari nzima, yaani ujira wa kutwa, lakini mafuta na divai visiguswe. Mwenye kibarua ananunua chakula cha mtu mmoja kwa kazi ya siku nzima, na vinywaji vya matajiri vimelindwa. Je, hamjaona mizani hiyo miezi ya njaa, mlanguzi anaponunua mtama wakati wa mavuno kwa bei ya kutupa na kuwauzia walewale walioulima kwa bei ya kuchoma? Katika sura ya 18 wafanyabiashara wanauombolezea mji ulioanguka, na orodha ya bidhaa zao inaanza na dhahabu na kuishia na miili na roho za wanadamu. Yohane aliyaona hayo akayaita kwa jina lake. Mwenye karatasi anaruka aya hizo kwa sababu hazimo katika mstari wake.

Tukitaka kujua mpangilio wa Hukumu, Bwana ametupa katika Mathayo 25. Hakuna miaka pale, wala mkataba, wala vita. Liko swali juu ya mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, aliye uchi, mgonjwa na mfungwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes namba 39, unafundisha kwamba kungojea dunia mpya kusipunguze bidii ya kuitunza hii, bali kuizidishe.

Wazee wa nchi hii walikwisha kuona mwisho wa dunia yao. Katika miaka ya 1890 sotoka iliwamaliza ng'ombe, ndui ikafuata, na njaa ikawatawanya watu. Kama dalili zingekuwa hoja, wao walikuwa na hoja kuliko sisi. Waliobaki walitafuta mbegu wakapanda, na ndiyo maana tupo.

Basi, Tume inaagiza na kushauri yafuatayo. Mtu yeyote anayekusudia kuuza shamba au mifugo kwa sababu ya mahubiri ya mwisho wa dunia, azungumze kwanza na viongozi wa jumuiya yake kabla ya kutia sahihi. Mume akumbuke kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke wake, awe amenyakuliwa moyoni au la. Mke naye vivyo hivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamdai mzazi chakula, matibabu na elimu kwa mtoto wake, na mzazi anayemzuia mtoto kunywa dawa kwa amri ya mhubiri atoe taarifa kabla wengine hawajaitoa kwa niaba yake. Mhubiri anayedai mali kwa ajili ya Unyakuo aombwe, kwa heshima na mbele ya mashahidi, aandike hati ya kuirudisha yote tarehe aliyoitaja ikipita. Makatekista wasome na jumuiya zao barua zote mbili kwa Wathesalonike, kutoka mwanzo hadi mwisho, pasipo kuruka aya, kabla ya mvua za vuli.

Na yule mama aliyeuliza juu ya sare, jumuiya yake ilichanga. Binti yuko shuleni.